Umetoka Upande wa Nani? Jeni, Kinga ya Mwili na Kisukari cha Watoto



Mtoto akigunduliwa kuwa na kisukari, swali linalotangulia nyumbani mara nyingi si la dawa wala la chakula. Watu huuliza kwanza: umetoka upande wa nani? Shangazi anasema kwetu haupo. Bibi mzaa mama anasema na kwetu haupo. Mama wa mtoto, aliyembeba na kumnyonyesha, anabaki katikati yao, na kwa kuwa yeye ndiye anayeonekana kila asubuhi na sindano mkononi, lawama humwangukia yeye. Nimechagua kuzungumzia jeni kwa ajili ya mama huyo. Sayansi imelifanyia kazi swali lake kwa zaidi ya miaka 50. Jibu lililopatikana linamwondolea lawama, na sehemu ya jibu ambayo bado inatafutwa inatuhusu sisi Waafrika kuliko wengi wanavyodhani.

Nianze kwa kutenganisha magonjwa mawili yanayotumia jina moja. Kisukari kilichozoeleka mitaani ni aina ya pili. Huwapata zaidi watu wazima. Insulini ipo mwilini lakini haifanyi kazi ipasavyo, au haitoshi. Ninachozungumzia leo ni aina ya kwanza. Hapa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na bakteria na virusi, inazigeukia seli za beta zilizo ndani ya kongosho na kuziangamiza. Seli hizo ndizo zinazotengeneza insulini. Zikishapungua mno, sukari hujaa kwenye damu, mtoto anakojoa kupita kiasi, ana kiu isiyokatika, anakula na bado anakonda. Asipotibiwa, damu inajaa asidi na anapoteza fahamu. Kabla ya Januari 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alipodungwa insulini katika hospitali mjini Toronto, kuugua maradhi haya kulikuwa ni kufa. Bado yanaua pale insulini inapokosekana, na pale mtoto anapotibiwa malaria siku baada ya siku bila mtu kumpima sukari.

Basi, ni ugonjwa wa kurithi? Tazameni hesabu, kwa sababu hesabu zinasema mambo mawili kwa pamoja. Katika watu wenye asili ya Ulaya, ambako tafiti nyingi zimefanyika, takriban watu 4 kati ya 1,000 hupata kisukari aina ya kwanza. Kwa mtu ambaye ndugu yake wa tumbo moja anaugua, hatari hupanda hadi 6 hivi kati ya 100, yaani mara 15. Hapo nasaba inaonekana wazi. Lakini geuzeni hesabu hiyohiyo: ndugu 94 kati ya 100 hawaugui. Tena watoto wengi mno wanaogunduliwa, karibu 9 kati ya 10, hawana mzazi wala ndugu wa karibu mwenye ugonjwa huu. Shangazi na bibi wote wawili husema kweli wanaposema kwao haupo.

Mapacha wa kufanana wanaeleza zaidi. Hawa wana jeni zilezile. Kama jeni peke yake ingetosha, mmoja akiugua mwenzake angeugua bila kukosa. Haiko hivyo. Tafiti za awali zilikuta pacha wa pili akiugua katika theluthi moja hadi nusu ya jozi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia mapacha kwa miaka mingi, ulikadiria kuwa hadi kufikia umri wa miaka 60 pacha wa pili huwa ameugua katika jozi 65 kati ya 100. Wengine hupita salama na jeni zao zote.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa wakwe walisikie. Mtoto wa baba mwenye kisukari aina ya kwanza ana hatari kubwa kuliko mtoto wa mama mwenye kisukari hicho: 6 hivi kati ya 100 kwa baba, 2 hadi 4 kwa mama. Sababu yake bado inajadiliwa, ila tofauti hiyo imeonekana katika nchi nyingi.

Jeni ya kwanza ilipatikana kwa njia ambayo haikuanzia kwenye kisukari. Madaktari waliokuwa wakipandikiza figo na ngozi walitaka kujua kwa nini mwili hukataa kiungo cha mtu mwingine. Mfaransa Jean Dausset na wenzake waligundua kuwa juu ya seli zetu kuna protini zinazotofautiana mno kati ya mtu na mtu. Zinaitwa HLA, na jeni zake zimekusanyika mahali pamoja kwenye kromosomu ya 6. Dausset alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Kabla ya hapo, mwaka 1974, Jørn Nerup na wenzake wa Denmark walikuwa wamechapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa aina fulani za HLA zinapatikana zaidi kwa wagonjwa wa kisukari waliohitaji insulini tangu ujanani kuliko kwa watu wazima wa afya. Cudworth na Woodrow wa Liverpool walifikia matokeo yanayofanana wakati huohuo. Na mwaka huohuo wa 1974, jijini London, Gian Franco Bottazzo na Deborah Doniach walionyesha kuwa damu ya baadhi ya wagonjwa ina kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazolenga seli za kongosho. Hadi hapo wengi waliamini kisukari ni kisukari tu. Tangu hapo ikawa dhahiri kwamba aina hii moja ni maradhi ya kinga kujishambulia.

Nitakaa kidogo kwenye HLA, kwa kuwa karibu nusu ya mchango wote wa nasaba katika ugonjwa huu uko hapo. Protini ya HLA ni kama sinia. Seli huweka juu yake vipande vidogo vya protini na kuvionyesha kwa seli T, ambazo ni seli za kinga zenye uwezo wa kuamua kama kitu ni cha mwili au ni kigeni. Umbo la sinia huamua kipande gani kitakaa vizuri na kipi kitateleza. Kadiri vipimo vilivyoboreshwa, macho yalielekezwa kwenye aina mbili zinazoitwa DR3 na DR4, pamoja na jirani zake wa kundi la DQ. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye kisukari hiki huko Ulaya wana DR3, au DR4, au zote mbili. Mwaka 1987 John Todd, John Bell na Hugh McDevitt, wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha kuwa jambo kubwa linaweza kutegemea asidi amino moja tu. Katika nafasi ya 57 ya protini ya DQ, wenye asidi ya aspartiki mara nyingi wamekingwa, na wasiokuwa nayo wako hatarini. Panya wa maabara waliozalishwa Japani, ambao hupata kisukari cha kinga wenyewe bila kuchokozwa, nao wanakosa asidi hiyohiyo mahali hapohapo.

Sasa sikilizeni jibu la swali la upande wa nani. Hatari kubwa zaidi haiko kwa mwenye DR3 mbili wala mwenye DR4 mbili. Iko kwa mtoto mwenye DR3 moja na DR4 moja. Moja ameipata kwa baba, nyingine kwa mama. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima, na wazazi wao wazima, na ukoo mzima usiwe na kumbukumbu ya ugonjwa huu, hadi nakala hizo mbili zikutane katika mtoto mmoja. Hata hapo, huko Ulaya, mtoto wa namna hiyo ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 20 wa kuugua kabla ya kufikisha miaka 15. Wengine 19 hawaugui. Mbele ya hesabu hii mtu hawezi kumnyooshea mwenzake kidole.

Sehemu ya pili ya hadithi naipenda kuliko zote, kwa sababu inaonyesha jinsi mwili unavyofunzwa kujitambua. Mwaka 1984 Graeme Bell na wenzake walichunguza jeni ya insulini yenyewe, iliyo kwenye kromosomu ya 11. Jeni haikuwa na kasoro. Ila mbele yake kidogo kulikuwa na kipande cha DNA kinachojirudia, na idadi ya marudio ilitofautiana. Watu wengine walikuwa na marudio 26 hadi 63, wengine zaidi ya 140. Wenye kipande kifupi waliugua zaidi, kirefu kilikinga. Kwa zaidi ya miaka kumi hapakuwa na maelezo ya kuridhisha. Kipande hicho hakibadilishi insulini hata kidogo. Kinawezaje kumkinga mtu?

Jibu lilitoka kwenye thaimasi, tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambayo ni kubwa utotoni na husinyaa kadiri mtu anavyokua. Seli T hukomaa humo, na humo huchujwa. Kila seli inayokomaa huonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe. Ikivishambulia kwa nguvu, inauawa kabla haijaingia kwenye damu. Mwaka 1997 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kuwa thaimasi nayo hutengeneza insulini, kwa kiasi kidogo sana, kwa ajili ya mafunzo hayo tu. Wenye kipande kirefu cha DNA hutengeneza insulini mara mbili hadi tatu zaidi katika thaimasi yao kuliko wenye kipande kifupi. Seli T zao zinaitambua insulini mapema. Mwenye kipande kifupi huiona insulini kidogo mno wakati wa mafunzo, na baadhi ya seli ambazo zingeondolewa zinapenya. Miaka baadaye zinakutana na insulini kwenye kongosho na kuichukulia kuwa adui.

Mwaka huohuo wa 1997 ilitambuliwa jeni iitwayo AIRE, kwa kuchunguza familia zenye ugonjwa adimu unaosababisha kinga kushambulia tezi nyingi kwa pamoja. Ugonjwa huo unaonekana zaidi Finland, Sardinia na kwa Wayahudi wenye asili ya Irani. Baadaye ilijulikana kuwa AIRE ndiyo inayoiamuru thaimasi itengeneze protini za viungo mbalimbali ili seli T zizione. Ikiharibika, mafunzo yanavurugika. Familia chache zenye ugonjwa adimu zilitufundisha namna mwili wa kila mmoja wetu unavyojizuia usijile.

Kilichofuata sitakaa nacho sana. Mwaka 1994 timu ya John Todd, wakati huo akiwa Oxford, ilichapisha msako wa kwanza wa kupitia kromosomu zote, kwa kutumia familia zenye ndugu wawili wagonjwa. Matumaini yalikuwa makubwa na sehemu nyingi zikapewa namba kana kwamba zimethibitishwa. Nyingi hazikuonekana tena wengine waliporudia. Familia mia kadhaa hazitoshi kugundua jeni ambayo inaongeza hatari kwa kiasi kidogo. Fundisho lilikuwa ni kuunganisha nguvu. Mwaka 2004 ikapatikana PTPN22, jeni inayodhibiti ukali wa seli T, ambayo badiliko lake moja linahusika pia na baridi yabisi na maradhi ya tezi ya shingo. Juni 2007 muungano wa watafiti wa Uingereza ulichapisha uchunguzi wa wagonjwa 14,000 wa magonjwa saba, kisukari hiki kikiwemo, pamoja na watu wazima wa afya 3,000 wa kulinganishwa nao. Idadi ya sehemu zilizothibitishwa ikaanza kupanda kwa kasi. Mwaka 2021 utafiti mmoja wa watu zaidi ya 61,000 ulihesabu sehemu 78 za DNA zinazohusika, na mwingine wa sampuli zaidi ya 520,000 ukahesabu 81.

Nyingi kati ya hizo si jeni zilizovunjika. Ni mabadiliko madogo kwenye DNA inayowasha na kuzima jeni, hasa ndani ya seli za kinga, na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Kuna moja ninayotaka mwondoke nayo. Inaitwa IFIH1. Protini yake hunusa virusi vilivyoingia ndani ya seli na kuita msaada. Mwaka 2009 ilichapishwa kuwa watu wenye mabadiliko adimu yanayoidhoofisha jeni hii hupata kisukari kidogo kuliko wengine. Yaani mwenye king'ora kikali zaidi dhidi ya virusi ndiye anayeelekea zaidi kwenye kisukari cha kinga. Kwa hiyo wanaosema mtoto amerithi damu mbovu wamekosea. Amerithi kinga yenye nguvu, ambayo imefanya kazi yake mahali isipopaswa.

Na virusi vinatupeleka nje ya jeni. Finland ndiyo nchi yenye kisukari hiki zaidi duniani. Wakati fulani wagonjwa wapya walipita 60 kwa mwaka kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15. Ng'ambo ya mpaka wake wa mashariki kuna Karelia ya Urusi. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kuwa watoto wa Karelia ya Urusi wanaugua mara sita pungufu kuliko wa Finland, ingawa aina za HLA zenye hatari hazitofautiani sana pande hizo mbili. Mpaka wa kisiasa hauwezi kutenganisha jeni. Kilichotofautiana ni maisha: makazi, maji, vijidudu wanavyokutana navyo watoto wadogo. Tena ugonjwa umeongezeka Ulaya ndani ya vizazi viwili, kasi ambayo jeni haziwezi kuifikia.

Ndiyo maana watafiti wakaamua kuwafuata watoto tangu kuzaliwa. Mradi wa TEDDY, ulioanza kuandikisha watoto mwaka 2004 katika Marekani, Finland, Sweden na Ujerumani, ulipima HLA za watoto wachanga zaidi ya 424,000 na kuwafuatilia zaidi ya 8,600 waliokuwa na aina za hatari. Tumejifunza kutoka kwao kuwa kingamwili dhidi ya insulini mara nyingi huanza kuonekana mapema mno, kati ya mwaka wa kwanza na wa pili wa maisha. Ugonjwa unaoonekana shuleni ulianza mtoto akiwa bado anatambaa. Na mtoto akishakuwa na kingamwili za aina mbili au zaidi, uwezekano wa kuugua ndani ya miaka kumi ni takriban 70 kati ya 100.

Ujuzi huo umezaa dawa. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya teplizumab, dawa inayotuliza seli T, kwa watu 76 ambao walikuwa na kingamwili lakini hawajaugua. Waliopewa dawa walikaa kwa wastani wa kati wa miezi 48 kabla ya ugonjwa kuanza. Wasiopewa, miezi 24. Novemba 2022 Marekani iliidhinisha matumizi yake. Miaka miwili inaweza kuonekana michache. Muulizeni mzazi yeyote wa mtoto anayedungwa mara nne kwa siku kama ni michache.

Sasa nimefika kwetu. Karibu kila nilichoeleza kilipatikana katika damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuta kuwa watu 78 kati ya 100 walioshiriki katika tafiti za namna hii, kwa magonjwa yote, walikuwa wa asili ya Ulaya, na 2 tu wa asili ya Afrika. Mtu anaweza kusema binadamu ni mmoja, kinachogunduliwa Oxford kitamfaa na mtoto wa Dodoma. Kwa jambo hili si kweli, na ninao mfano.

Kuna aina ya HLA iitwayo DR7. Kwa Wazungu, DR7 kwa kawaida inakinga. Kwa watu wenye asili ya Afrika kuna DR7 ambayo imeungana na jirani mwingine wa kundi la DQ, na huyo wa kwetu anaongeza hatari. Vivyo hivyo kuna DR3 ya Kiafrika ambayo, tofauti na ile ya Ulaya, inakinga. Chukueni kipimo cha hatari kilichotengenezwa kwa ajili ya Wazungu, mkipeleke katika wodi ya watoto Afrika Mashariki: kinaweza kumwita mwenye hatari kuwa yuko salama, na aliye salama kuwa yuko hatarini. Lile badiliko la PTPN22 nililolitaja, ambalo Ulaya ni la maana sana, karibu halipo kabisa kwa Waafrika. Mwaka 2019 watafiti waliotengeneza kipimo mahsusi kwa watu wenye asili ya Afrika walikuta kuwa alama saba tu za DNA zinafanya kazi vizuri kuliko orodha ndefu ya Ulaya. Damu waliyoitumia ilikuwa ya Wamarekani Weusi, ambao mababu zao wengi walitoka Afrika Magharibi.

Hapa Tanzania tuna kumbukumbu yenye thamani. Mwaka 1993 Swai, Lutale na McLarty wa Dar es Salaam walichapisha hesabu ya miaka kumi jijini: wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa kama 1 au 2 kwa kila 100,000 wenye umri usiozidi miaka 19. Ukilinganisha na Finland, ni tone. Sehemu ya pengo hilo ni ya kweli. Sehemu nyingine ni makaburi: mtoto aliyefia njiani kabla ya kupimwa sukari haingii kwenye hesabu ya mtu.

Na miaka ya karibuni limezuka jambo zito zaidi. Mwaka 2025 Jean Claude Katte wa Kameruni na wenzake walichapisha uchunguzi wa vijana 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, waliogunduliwa wangali wadogo na kutibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza. Walipima kingamwili, walipima jeni. Vijana 65 kati ya 100 hawakuwa na kingamwili zozote za kawaida za ugonjwa huu, na jeni za hatari walikuwa nazo chache kuliko wenzao wenye kingamwili. Hawakufanana na wagonjwa wa aina ya pili. Insulini yao ilikuwa imepungua kweli. Yaani wengi wa vijana tunaowaita wagonjwa wa kinga kujishambulia huenda kinga yao haijawashambulia kabisa. Kitu kingine kimezimaliza seli zao za beta, au seli hizo hazikuwahi kuwa nyingi tangu mwanzo. Walipolinganishwa na takwimu za Marekani, 15 hivi kati ya 100 ya vijana Weusi wa huko walikuwa na hali hiyohiyo, huku kwa vijana wa Kizungu ikikosekana. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kukitambua kisukari kinachohusishwa na utapiamlo kuwa aina ya tano. Watafiti wa Afrika na wenzao wanaona kuwa wale wasio na kingamwili hawaingii vizuri hata humo.

Naomba nieleweke hapa, kwa kuwa najua maneno husafiri. Mtoto yeyote aliyeanzishiwa insulini asiache insulini kwa sababu ya utafiti huu. Aliye na kingamwili na asiye nazo, wote wawili wanaweza kufa kwa kukosa dozi. Matokeo haya yanawahusu watafutaji wa tiba. Dawa ya kutuliza seli T haiwezi kumfaa kijana ambaye seli T zake hazina kosa. Kumpa ni kumdhoofishia kinga bure, katika nchi yenye kifua kikuu.

Kuna mfano unaonipa moyo. Watoto wanaougua kisukari kabla ya kufikisha miezi sita kwa muda mrefu walidhaniwa kuwa wa aina ya kwanza. Mwaka 2004 timu ya Andrew Hattersley wa Exeter na wenzao iligundua kuwa baadhi yao wana kasoro ya jeni moja, KCNJ11, inayoizuia seli ya beta kutoa insulini. Kinga haihusiki. Miaka miwili baadaye ilionyeshwa kuwa wengi wa hao wanaweza kuacha sindano na kumeza vidonge vya zamani, vya bei nafuu, vilivyokuwa vikitumiwa na wazee. Kutofautisha magonjwa kulibadilisha maisha yao. Ndiyo sababu sioni utafiti wa jeni kuwa anasa ya nchi tajiri.

Tuna hata faida ambayo wenzetu hawana. DNA ya Ulaya hurithiwa kwa vipande virefu, kwa sababu Wazungu wote wametokana na wahamiaji wachache waliotoka barani kwetu. Jeni yenye kosa inaambatana na majirani wengi wasio na kosa, na ni vigumu kumjua mhusika. DNA ya Afrika ni ya kale na ina tofauti nyingi zaidi, vipande vyake ni vifupi, na mhusika hujitokeza upesi. Uganda imeshaonyesha njia: mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya DNA ya watu wa vijijini kusini-magharibi mwa nchi hiyo, karibu 2,000 kati yao wakiwa wamesomwa DNA yote.

Kinachokosekana ni watoto wenyewe kuhesabiwa. Kingamwili hupungua kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo kipimo kinapaswa kufanywa ugonjwa unapoanza, na hospitali zetu nyingi za wilaya hazina uwezo huo. Zinahitaji karatasi ya kukaushia tone la damu, daftari la wagonjwa linalotunzwa, na maabara moja ya kanda ya kuzipokea. Zinahitaji pia imani ya watu. Katika pwani hii hofu ya mumiani, wanaodaiwa kunyonya damu za watu, ina historia ndefu, na siwezi kuwalaumu wazee wanaouliza damu ya mjukuu wao inapelekwa wapi. Waambiwe inapelekwa wapi, nani ataitunza, itatumika kwa lipi, na matokeo yatarudije kwao. Waambiwe kwa lugha yao, kabla ya kutia saini, na wawe na haki ya kukataa bila mtoto kunyimwa insulini.

Katika yote hayo, insulini iwe ya kwanza. Sitaunga mkono mradi wowote wa jeni unaochukua damu ya mtoto leo na kumwacha kesho akitafuta dawa kwa kukopa. Fedha za utafiti wa watoto hawa ziandikwe pamoja na gharama ya insulini, sindano na vipimo vya sukari kwa muda wote wa utafiti na baada yake. Wajumbe wa kamati za maadili walio hapa jioni hii wana uwezo wa kuukataa mradi usiokuwa na kifungu hicho, na ninawaomba waukatae.